Mche Nilioung'oa ili Baba Asife

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, nilimwokoa baba yangu mara tatu, na kila mara nilimwokoa kwa kung'oa mti.

Sikuwa mtundu. Nasema hivyo mapema kwa sababu nimewafundisha watoto kwa miaka mingi, na nimeona kwamba mtoto anayeharibu kitu polepole, bila hasira, huwa na sababu nzito kuliko tunavyodhani. Mimi nilikuwa nayo. Niliamini kwamba mama yangu alikuwa anamuua baba, na kwamba alikuwa ameambiwa hivyo, akasikia, akaendelea.

Tulikaa Lindi, kule Kibera, katika ploti ya vyumba kumi vya udongo na mabati vilivyotazamana. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho. Nyuma yake ardhi iliteremka ghafla hadi kwenye mtaro uliopeleka maji machafu mtoni, na mteremko huo ndio uliokuwa jaa la ploti nzima. Kila nyumba ilitupa pale: maganda, majivu, viatu vilivyokufa, na juala za plastiki zilizofungwa fundo ambazo hakuna aliyetaka kujua zina nini. Mvua ikinyesha, takataka ziliteleza na udongo ukafuatana nazo, na ukingo ukasogea karibu na ukuta wetu. Baba, aliyekuwa kibarua wa mjengo na aliyependa kupima vitu, aliupima kwa hatua zake kila baada ya mvua. "Zilikuwa tisa," alisema siku moja akifuta miguu mlangoni. "Sasa ni sita."

Nadhani ni zile hatua sita zilizomwamsha mama. Hakugombana na mtu. Aliacha meza yake ya mboga na maparachichi, sisi tukiyaita ovakado, iliyokuwa kando ya njia ya kwenda Makina, akarudi mapema na gunia na reki ya kuazima, akaanza kuusafisha ule mteremko kutoka juu. Alifanya hivyo kila alasiri kwa mwezi mzima. Watu walimtazama kama mtu aliyepotelewa na kitu.

"Mama Nafula," alimwita jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Otis, huku ameshika kiuno, "kwani umeamua kufagia Kibera yote?"

"Naanza na hapa. Wewe anza na kwako, tukutane katikati."

Mama Otis alicheka mpaka akakaa chini. Lakini wiki iliyofuata sikumwona akitupa majivu pale tena.

Katika kusafisha huko ndipo mama alipolikuta kokwa la ovakado lililokuwa limejiotea lenyewe katikati ya uchafu, shina jekundu, majani manne. Pengine lilitoka kwenye meza yake mwenyewe. Alilibeba kwa viganja viwili, akalitia katika mkebe wa mafuta ya kupikia, akaliweka dirishani. Alisema likipata nguvu atalipanda ukingoni, lishike udongo, na liwe la kwanza, mengine yafuate.

Mwezi huo Nyanya, mama yake baba, alikuja kututembelea kutoka nyumbani, upande wa Kakamega. Alileta ndizi, njugu alizokaanga mwenyewe, na jogoo aliyefungwa miguu ndani ya kikapu. Hakulala kwetu. Kwa desturi yetu Waluhya, mama halali nyumba moja na mwanawe aliyeoa, na nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja, kwa hiyo Mama Otis alimpa kitanda. Asubuhi alikuja kunywa chai na kunisuka nywele. Baada ya baba, hakuna mtu niliyempenda kama yeye.

Asubuhi ya tatu alikuwa ananisuka mlangoni mama alipopita na ule mkebe mkono mmoja, jembe mkono wa pili. Vidole vya Nyanya vilisimama kichwani mwangu.

"Unaenda wapi na huo mti?"

"Kuupanda, Mama. Pale ukingoni."

"Baba Nafula hayuko aupande?"

"Yuko kazini. Na mikono ninayo."

Nyanya aliinuka akaniacha nimesukwa nusu. Alimfuata mama, akamshika kifundo cha mkono, na mpaka leo nakumbuka jinsi ngozi ya mama ilivyobonyea chini ya vile vidole. Hakupaza sauti. "Mwanamke hapandi mti," alisema. "Unajua. Ulilelewa. Mwanamke akipanda mti, mume wake anakufa. Na yeye mwenyewe tumbo linafunga."

"Mama, mboga za sukuma napanda kila siku na hajafa."

"Sukuma si mti."

"Sukuma za Mama Otis ni ndefu kukupita wewe."

Nilitaka kucheka, lakini Nyanya hakucheka, nikameza. Mama alijitoa mkono taratibu, kwa heshima, akateremka ukingoni, akachimba shimo, akapanda. Nyanya alirudi kumaliza kichwa changu. Alivuta nywele kuliko kawaida yake, na mara nikahisi tone la maji shingoni. Jua lilikuwa kali. Nilidhani ni jasho.

Siku aliyoondoka tulimsindikiza hadi stendi ya basi. Aliinama akaniambia sikioni neno moja tu: "Mwangalie baba yako."

Hakuniambia ning'oe kitu. Lakini mtoto akiambiwa amwangalie mtu, hamwangalii kwa macho peke yake. Nilianza kumhesabu baba. Nilihesabu akikohoa. Nilihesabu vipande vya ugali alivyoacha kwenye sahani. Alipokawia kazini nilisimama kwenye kona ya ploti mpaka nione kofia yake. Kisha nikatazama ukingoni, nikaona ule mche umetoa jani la tano, jipya, linang'aa, na nikajua linatoka wapi: katika pumzi za baba.

Niliung'oa mchana, mama akiwa kwenye meza yake. Ulitoka kirahisi, kama karoti. Niliutupa mtaroni, nikanawa mikono mara mbili. Jioni baba alirudi akipiga mluzi, nikala chakula chote.

Mama alilaumu mbuzi. Alipanda mwingine. Wa pili sikuung'oa waziwazi. Nilikuwa nimepata akili. Nilichimba kando kwa kijiko, nikakata mzizi chini kwa chini, nikarudisha udongo nikaushindilia kwa kisigino. Ulisimama siku nne kama mzima, kisha ukalegea wote kwa pamoja. Mama alichuchumaa mbele yake kwa muda mrefu. Aliugusa. "Ni maji," alijiambia. "Maji yetu ni mabaya." Nilikuwa nyuma yake nimeshika sketi yake, na nilijisikia vibaya, lakini si vibaya kama mtu ambaye baba yake amekufa.

Wa tatu aliuzungushia ngome. Alikusanya matairi mawili na spring za kitanda kibovu, akazifunga kwa waya, huku akisema mbuzi wa Lindi wana shahada. Sikupata pa kupitisha mkono. Na kabla sijapata njia, baba akaanguka.

Ilianza na homa, kisha tumbo. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Wanaume wawili wa ploti walimlaza kwenye mkokoteni, juu ya blanketi letu, wakamsukuma kwenda kliniki, mama akitembea kando ameshika bakuli. Niliachwa kwa Mama Otis. Alikuwa anachambua mchele, akasema na jirani mwingine kwa sauti ya chini, akidhani watoto hawasikii wakiwa wanacheza: "Yule mama mkwe alimwambia. Mimi nilikuwa hapo hapo. Alimwambia wazi."

Nilitoka. Nililala kifudifudi kwenye udongo, nikauingiza mkono kati ya tairi na zile spring. Zilinichana kutoka kiwiko hadi kiganja. Alama bado ipo, na wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka niligongwa na nini. Nilishika shina nikavuta kwa nguvu zote mpaka likakatika. Nilivuta na mzizi. Sikuacha kitu.

Baada ya siku tano baba alirudi kwa miguu yake, amekonda, suruali imefungwa kwa kamba, anataka uji.

Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo, na ndiyo sababu sijawahi kumcheka mtu anayeamini. Mimi nilikuwa na ushahidi. Mama alipanda, baba akaanguka. Niling'oa, baba akainuka. Hakuna mwalimu duniani ambaye angenishawishi vingine siku ile, hata mimi wa leo.

Kule kliniki mama alikuwa ameambiwa jambo tofauti: kwamba baba ana homa ya matumbo, na kwamba imetoka kwenye maji. Siku ya pili baada ya baba kurudi, aliifuata paipu yetu kutoka kwenye bomba la ploti, hatua kwa hatua, akiishika kwa mkono. Ilishuka mteremkoni, ikaingia mtaroni, ikapita ndani ya uchafu wote, na huko ndani ilikuwa imefungwa viraka vya mpira wa baiskeli mahali patatu. Ilipokosa nguvu ya maji ilikuwa ikinyonya kutoka mtaroni. Alirudi akasimama katikati ya ploti, akaita wanawake wote watoke.

"Njooni muone kitu kilichomwangusha mume wangu," alisema. "Na nyinyi mnakunywa hicho hicho. Kama mnataka kuongea kuhusu mti, tutaongea tukimaliza."

Mama Otis alitazama chini. Siku ile waliiinua paipu kutoka mtaroni, wakaitundika kwenye nguzo fupi kando ya mteremko, wakabadilisha viraka. Ilichukua hadi magharibi. Nami nilibeba waya, nikifurahi, nikidhani jambo la mti limekwisha.

Asubuhi yake mama alishusha mkebe wa nne kutoka dirishani.

Nilimkimbilia nikaukumbatia ule mkebe. Sikumbuki nilisema nini kwanza. Nakumbuka alivyojaribu kunitoa na mimi nikang'ang'ania. Kisha nikasema yote: mbuzi, kijiko, spring za kitanda. "Ni mimi," nilimwambia. "Ni mimi nilimponya. Ukipanda tena nitang'oa tena. Utamuua baba."

Mama aliutazama mkono wangu uliochanika. Alikuwa ameamini niliumia nikicheza. Alikaa chini pale pale kwenye kizingiti, na nilingoja kofi ambalo halikuja.

Baba alikuwa amesikia kutoka kitandani. Alitoka akishika ukuta, blanketi mabegani. "Mama Nafula," alisema, "leta huo mti nipande mimi. Ni dakika tano. Mtoto atulie."

Nimeifikiria ile sentensi miaka yangu yote. Ilikuwa sentensi ya upendo. Ilikuwa pia njia rahisi, na kila mtu katika ploti angeikubali: mti ungepandwa, ukingo ungeshikwa, Nyanya angelala usingizi, na hakuna ambaye angekuwa amekosea.

"Hapana," mama alisema.

"Kwa nini sasa?"

"Ukipanda wewe, huyu atakua akijua ilikuwa kweli. Ataogopa mikono yake mpaka azeeke. Wewe kaa hapo mbele, akuone."

Baba alimtazama, akanitazama mimi. Aliipindua ndoo, akaikalia kando ya shimo, akajifunika blanketi vizuri kama chifu. "Haya," alisema. "Nikifa, mseme nilikuwa nimekaa vizuri."

"Usimtishe mtoto."

"Nani anamtisha? Nafula, niangalie. Napumua?"

Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo. Sikuondoa macho kwake hata mama alipokuwa anashindilia udongo. Sikumwona mama akipanda ule mti wa nne. Nilimwona baba akitazama. Niliendelea kumtazama wiki nzima. Alipolala nilimwekea kiganja puani, akaamka mara mbili akidhani ni mende. Siku ya nane nilichoka. Nilikwenda kucheza kamba na wenzangu, na niliporudi alikuwa hai, anakula maharagwe yangu.

Mti ulipofika magotini mwa mama, mwenye ploti alikuja kuuona. Alikuwa mzee mtaratibu aliyevaa koti hata wakati wa joto. Alizunguka ngome ya matairi, akatikisa kichwa. "Mama Nafula, mpangaji hapandi mti. Sukuma sawa, dania sawa. Mti ni kitu cha mwenye shamba. Kesho utaniambia hapa ni pako."

"Kwa hiyo na wewe nikipanda utakufa?" mama alimuuliza.

Mzee hakuelewa. Mama alimweleza, na Mama Otis, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akaongeza chumvi. Mzee alicheka, akakohoa, akasema Waluhya ni watu wa ajabu. Lakini mama hakuwa anacheka. Alisema polepole, kama mtu anayeunganisha nyuzi mbili: "Nyumbani nisipande kwa sababu shamba ni la mume. Hapa nisipande kwa sababu ploti ni yako. Basi si mambo ya kifo. Hamtaki tu mtu kama mimi aache alama."

Mwenye ploti alisema atalifikiria. Mvua iliyofuata ukingo haukumeguka nyuma ya vyumba vyake, na sijawahi kujua kama aliendelea kufikiria au alisahau. Mama hakuomba ruhusa tena. Alipanda wa tano, wa sita, na nyasi za nepia katikati, na Mama Otis akapanda mmoja akisema ni mbegu tu imemwanguka mkononi.

Nyanya alirudi Lindi mara nyingi, lakini hakuwahi kwenda nyuma ya nyumba. Alikaa mbele, akiupa mti mgongo. Mpaka mwaka ule ulipozaa vizuri kwa mara ya kwanza. Nilikuwa tayari sekondari. Baba alitwaa ufito mrefu wenye ndoano, akaangua ovakado tano, akaziweka siku kadhaa ndani ya unga zikaiva, akamletea mama yake moja, amekata nusu, ametia chumvi. Akakaa karibu naye, bega kwa bega, akala nusu ya pili.

Nyanya aliishika bila kula. "Ni ya ule?" aliuliza.

"Ni ya ule," mama alisema.

Alimtazama mwanawe akitafuna. Nywele za baba zilikuwa zimeanza kuota mvi. Alimtazama mdomo, koo, vidole. Kisha akatuambia jambo ambalo hata baba hakuwa analijua. Alipokuwa ameolewa karibuni alipanda mzambarau nyuma ya jiko lake, kwa sababu alipenda zambarau, basi. Mwaka ule ule babu yangu alifariki, kijana, baba akiwa bado mgongoni. Mashemeji waliukata ule mti mbele yake siku ya matanga, kila mtu akiona. Hakuna aliyemtukana. Walimwachia kisiki.

"Miaka yote hii," Nyanya alisema, "nilikuwa najua ni mimi."

Chumvi ilikuwa inayeyuka juu ya ile nusu ya tunda.

"Sasa kama si mti," aliuliza, na hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtoto, "wangu alikufa na nini?"

"Hatujui, Mama," mama alimjibu. "Lakini si wewe."

Nyanya alikula. Alikula yote, akakwangua ganda kwa kidole. Nilikumbuka lile tone shingoni mwangu, na nikajua kwamba halikuwa jasho.

Sasa mimi ni mwalimu Kawangware, shule ndogo iliyobanwa kati ya ploti za kupangisha na mtaro unaofurika kila masika. Kila mwaka naotesha miche na watoto wa darasa la nne kwenye mikebe na chupa zilizokatwa, na mvua ikianza tunaipanda kando ya ua. Msimu huu msichana mmoja anayeitwa Nekesa alisimama kwenye mstari na mikono nyuma.

"Ticha, mama amesema nisipande."

"Amesema kwa nini?"

Alitazama viatu vyake. Alijua kwa nini, na nilijua: msichana ambaye bado hajaolewa akipanda mti, husemwa anayekufa ni baba yake. Mvulana mmoja akajitokeza mbio: "Ticha, si nimpandie tu? Hata sasa hivi." Alikuwa mtoto mwema. Wenzake wote waliona ni jibu zuri. Nilimwambia asante, apande wake.

Mama yake alikuja langoni siku iliyofuata. Tulisalimiana vizuri, akaniuliza kwetu ni wapi, tukakuta tunatoka vijiji visivyo mbali. Kisha akasema, akichagua maneno, "Mwalimu, usidhani nakutukana. Lakini wewe umepanda miti mingi. Na huna mtoto."

Ni kweli. Nimeolewa miaka kumi na mitano na sina mtoto. Shangazi zangu wamelisema hilo jikoni nikiwa chumba cha pili, na mume wangu amelisikia akatoka kwenda kumwagilia miche. Sina jawabu la kuwafunga midomo. Baba hakufa, na hilo nimeweza kulionyesha maisha yangu yote kama cheti. Lakini ile sehemu ya pili ya onyo la Nyanya, ya tumbo, imekaa ndani yangu, na yeyote anayetaka kuiona imetimia ataiona.

"Sina," nilimwambia. "Na sijui kwa nini. Nyanya yangu naye hakujua mume wake alikufa na nini. Alipewa mti aulaumu, akaubeba miaka arobaini. Mimi siubebi. Afadhali nisijue."

Hakukubali. Aliniaga kwa heshima akaenda, na simlaumu. Anamwangalia mume wake, kama nilivyomwangalia baba.

Ni Nekesa aliyebaki. Wakati wa mapumziko alinifuata uani nilipokuwa nainyoosha miche iliyoangushwa na mpira. Nilikuwa nimewasimulia darasani habari za kijiko na spring za kitanda, na alikuwa amezitafakari.

"Ticha, baba yako alikufa lini?"

"Hajafa. Yuko Lindi."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Alinitazama kwa ule wasiwasi ambao naujua vizuri. "Mpigie simu."

Nikampigia, nikaweka sauti ya nje. Iliita sana, baba huiacha simu yake kwenye mfuko wa koti ukutani. Hatimaye akaitika, redio ikilia nyuma yake. Nilimwambia kuna mwanafunzi anataka kujua kama yu hai.

"Nani huyo?"

"Anaitwa Nekesa. Ameambiwa akipanda mti, baba yake atakufa."

Baba alizima redio. "Nekesa," alisema, "mimi nilianza kufa wakati mwalimu wako akiwa na miaka minane, na mpaka leo sijamaliza. Magoti ndiyo yananisumbua. Na huyo mama yake mwalimu yuko nje anapanda mwingine, sasa hivi, hata chai hajanipa."

Nekesa alijifunika mdomo. Kisha kengele ikalia, akakimbia.

Hajapanda. Sitasema amepanda ili hadithi yangu ipendeze. Labda anamuuliza baba yake kama anaogopa. Labda anamhesabu akikohoa. Ana haki ya muda wake, kama nilivyokuwa na wangu, na mimi si mtu wa kuuvunja moyo wa mtoto anayempenda baba.

Lakini mche wake upo. Nimeuweka dirishani mwa darasa, ndani ya mkebe wenye jina lake, umetoa jani la saba. Watoto wengine wameniomba mara tatu wampandie. Nimekataa, na nitaendelea kukataa, hata mizizi ikiutoboa mkebe.